Namwaga chakula kila asubuhi, mbona wanakuja kunguru na shomoro tu?

Swali: "Nimestaafu ualimu, naishi Ipuli hapa Tabora mjini na wajukuu watatu. Kila asubuhi nawamwagia ndege wali uliolala na chenga za mahindi chini ya mwembe, lakini wanaokuja ni kunguru, shomoro na kuku wa jirani. Nilipokuwa nafundisha Sikonge tulikuwa tunaona ndege wa kila rangi hadi mlangoni. Nifanye nini wajukuu nao wawaone? Pia kuna bundi ameingia kwenye dari, majirani wanataka auawe. Na likizo ya Desemba nataka kuwatoa watoto kwenda kuangalia ndege, halafu tufike Kigoma kwa mdogo wangu. Tuanzie wapi?"

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Ndege uliowaona Sikonge hawajaisha. Wengi wao wanapita juu ya bati lako kila siku, ila hawatui, kwa sababu ua wako, kama nyua nyingi za mjini, unawapa wasichokihitaji na kuwanyima wanachokitafuta. Wali na chenga ni riziki ya shomoro, kunguru na kuku. Ndege wengi wa miombo nafaka hawaigusi. Wanaishi kwa wadudu, matunda na utamu wa maua. Na wale walao mbegu, tangu mvua zikatike mwezi wa tano hadi zirudi Novemba, mbegu wanaziokota porini bila shida, kinachowatesa ni kiu. Ndiyo maana nakuomba uanze na maji, halafu tuzungumze juu ya ufagio wako, halafu miti. Chakula cha kumwaga kije mwisho, tena kidogo, au kisije kabisa.

Kwa maji, tafuta chombo kipana chenye kina kifupi: mfuniko wa chungu, sinia kuukuu, au karai lililotoboka ukaliziba kwa saruji. Katikati maji yasizidi sentimita tano, na ukingoni yawe sentimita mbili hivi. Ndoo na beseni ni hatari, maana ndege mdogo akiteleza humo, manyoya yanaloa, hawezi kuruka, anakufa maji. Tia mawe machache yenye kukwaruza ili wapate pa kushika. Weka chombo kivulini, lakini hatua nne au tano kutoka kwenye kichaka chochote ambacho paka anaweza kujibanza. Juu yake pawe na tawi, kwa sababu ndege mwenye busara hashuki moja kwa moja: anatua juu, anaangalia huku na huku, ndipo anateremka.

Ukitaka waje haraka, chukua dumu la lita tano, litoboe kwa sindano chini, lining'inize tawini ili maji yadondoke tone moja moja ndani ya chombo. Katika kiangazi cha Tabora, sauti ya maji yanayodondoka na ule mmeto wake huwaita ndege ambao mbegu zako zisingewaita hata ukimwaga gunia zima.

Najua utauliza juu ya mbu, na ni haki yako kuuliza. Yai la mbu huhitaji wiki moja hivi, au zaidi kidogo, kufikia kuwa mbu anayeruka. Ukimwaga maji kila asubuhi kwenye mchicha wako, ukasugua chombo kwa brashi na kuweka maji mapya, hakuna kiluwiluwi atakayepata muda wa kukua. Kusugua huko ni lazima pia kwa afya ya ndege wenyewe, kwa sababu kinyesi cha wengi kikikusanyika kwenye chombo kimoja hueneza magonjwa. Mpe mjukuu mmoja kazi hiyo kwa zamu, na siku asipoweza, ni afadhali chombo kikae kikavu kuliko kuwa na maji ya juzi.

Wape wiki mbili tatu. Kwa kawaida wa kwanza ni shore, yule mwenye kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia, kwa kuwa ni jasiri na wengine humfuata. Kisha tetere na pugi. Halafu, kama uwanja umetulia, watakuja vile vindege vidogo vya buluu ya anga tumboni na kahawia mgongoni, na vingine vyekundu vinavyotembea wawili wawili, dume na jike. Hao wanakula mbegu kavu mchana kutwa na ni lazima wanywe kila siku. Kwezi, mwenye rangi inayong'aa, huja kuoga jua likiwa limepanda, naye hurusha maji yote nje. Usimkasirikie, jaza tena.

Sasa chakula. Wali uliolala una chumvi, na mwili wa ndege mdogo haumudu chumvi nyingi. Pili, wali unamwita kunguru, na kunguru akishazoea ua wako hamalizii kwenye wali. Anakagua miti, anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Kila sahani unayommwagia inawapunguzia wajukuu wako nafasi ya kuona kiota. Tatu, na hili naliwekea mkazo kuliko yote, ni ukungu. Watu wengi wana tabia ya kusema mahindi au karanga zikiota ukungu "tuwape ndege". Usifanye hivyo kamwe. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na ni katika kuchunguza vifo vile ndipo wanasayansi walipoitambua sumukuvu. Ndege ni miongoni mwa viumbe ambao sumu hiyo huwaumiza kwa haraka. Karanga ambayo huwezi kumpa mjukuu, usimpe ndege.

Ukipenda kuwapa kitu, wape mtama, uwele au ulezi, mkavu na safi, kiganja kimoja asubuhi, kiasi kinachoisha kabla ya saa nne. Au tundika kipande cha papai lililoiva sana au ndizi kwenye msumari tawini, uone shore na kuzumburu wanavyong'ang'ania. Usimwage chakula cha ndege mahali kuku wanapokula. Kideri kinaweza kutoka kwa kuku kwenda kwa njiwa na ndege wengine, na kurudi vilevile, na wewe jirani yako ana kuku. Kinga nzuri ni kuwatenga, na kuku wenyewe wapate chanjo kwa wakati.

Nikirudi kwenye ufagio: tumelelewa kuamini kwamba ua mzuri ni ule uliofagiwa mpaka ardhi ing'ae, na sababu yake si usafi tu, tunaogopa nyoka. Sababu hiyo naiheshimu. Karibu na mlango, njia za watoto na choo, fagia kama kawaida. Lakini acha kona moja mbali na nyumba, kando ya ua wa minyaa, ambako majani ya mwembe yanalala yalipoangukia na nyasi zinaachwa zitoe mbegu. Usichome majani hayo. Chini yake wataingia mchwa, mende wadogo, panzi na buibui, na hao ndio chakula cha kurumbiza, ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa ambaye huimba alfajiri kabla watu hawajaamka. Nyasi zilizokomaa zitawalisha walao mbegu bila wewe kununua kitu. Minyaa yenyewe ni ngome nzuri ya viota, ila wajukuu wajue kwamba utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hata ndege anayekula mbegu mwaka mzima, kama mnana, makinda yake huyalisha wadudu. Chozi naye, ambaye tunamwona akinyonya maua ya migomba na mipapai, huyapelekea makinda buibui na viwavi. Katika miombo ndege wengi walao wadudu hutaga kati ya Septemba na Novemba, kabla mvua hazijashika, wakati mtundu na mninga vinapochipua majani mapya na viwavi vimejaa. Ukipulizia dawa ya wadudu uani miezi hiyo, unayafisha njaa makinda ambayo hujawahi kuyaona. Kama bustani yako ya mboga inashambuliwa, okota viwavi kwa mkono, au acha ndege wakusaidie. Na ukiona kile kiota cha chozi kinachoning'inia kwenye waya wa kuanikia nguo, kama furushi la takataka lililofungwa kwa utando wa buibui, hamisha nguo zako kwa wiki chache. Kina mlango mdogo ubavuni na kibaraza juu yake. Wakae mbali kidogo watoto waangalie, wasikiguse.

Kuhusu miti, mwembe wako ni mzuri kwa kivuli na matunda, usiukate. Ongeza mpera, mpapai na migomba, ambayo inakua upesi. Kama una eneo, mkuyu hauna mpinzani, kwa sababu ukizaa hukusanya ninga, hondohondo, zuwakulu na kubwiro kwenye mti mmoja. Lakini upande mbali na msingi wa nyumba na shimo la choo, mizizi yake haina adabu. Ukipata miche ya ntalali au mfuru, chukua. Hayo ni matunda ambayo wewe mwenyewe umeyala utotoni, na ndege wa huku wanayajua.

Mti mkavu nao una kazi. Ukipogoa mwembe, bakiza kisiki kimoja cha tawi lililokufa, kinene kama paja, juu ya mita mbili, mahali ambapo hakitamwangukia mtoto wala bati. Kigogota na zuwakulu mwenye kichwa chekundu huchonga mashimo yao hasa kwenye mti mkavu, na wakihama, kwezi na wengine wasioweza kuchonga huingia. Mjini tumekata kila tawi kavu kwa kuni, na ndege wa mashimo wamekosa makazi. Utamjua zuwakulu huyo kwa sauti: wanaimba wawili, mmoja akiitikia mwenzake kwa haraka kiasi kwamba utadhani ni ndege mmoja.

Na pale wanapokaa zuwakulu na kigogota, ndipo anapofika mlembe. Tabora ni nchi ya asali, kwa hiyo sina haja ya kukueleza mlembe anafanya nini. Wazee wa mizinga wa Sikonge wanamfahamu kuliko mtaalamu yeyote: anakuja, anapiga kelele, anaruka mti hadi mti mpaka kwenye nyuki, mtu akipata asali yeye anabaki na nta. Ila waambie wajukuu mambo mawili ambayo huenda hawajayasikia. La kwanza, mlembe hajengi. Hutaga kwenye shimo la zuwakulu, kigogota au keremkerem, na kinda lake huzaliwa na ndoano mdomoni ambayo hulitumia kuyaua makinda ya mwenye nyumba. La pili, mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kwamba mlembe hujifunza lugha ya watu wa mahali pake. Wale wa nchi ya Wahadzabe, hapa hapa Tanzania, waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti wanayotumia Wayao wa Msumbiji, na wale wa Msumbiji walifanya kinyume chake. Ndege wa porini anayejua mwito wa wenyeji wake ni hazina, na hazina hiyo hudumu pale tu ambapo watu bado wanakwenda naye porini na pori lenyewe lipo. Miombo inayokatwa kila mwaka kukaushia tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge ndiyo nyumba yake.

Sasa bundi. Hapa nataka tuzungumze taratibu, kwa sababu hofu ya majirani zako ni ya kweli kwao na haiondoki kwa kuwaita wajinga. Kwa maelezo yako nadhani ni yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, ambaye hupenda dari, minara na majengo ya zamani. Sauti yake haifanani na ile ya bundi wa hadithi: anakoroma, anapiga mayowe ya kukwaruza, na makinda yake yanazomea usiku kucha yakidai chakula. Anaruka bila sauti kabisa, kwa kuwa ukingo wa manyoya ya mbawa zake una vinyuzi vinavyoukata upepo taratibu. Mtu anayekutana na kiumbe cheupe kinachopita kimya saa sita usiku, kisha akasikia mayowe, ana kila sababu ya kushtuka.

Lakini ukweli ni kwamba amefuata panya. Panya shamba, ambaye wakulima wa mahindi wa Tabora wanamjua vizuri mno, anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na bundi huongezeka pale panya wanapoongezeka. Jozi moja yenye makinda hukamata panya kadhaa kila usiku. Huna haja ya kuniamini mimi. Chini ya mahali anapolala utakuta matonge makavu, meusi, ya ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Loweka tonge moja kwenye maji ya uvuguvugu, wavae wajukuu mifuko ya plastiki mikononi, walifungue kwa kijiti. Watapata mafuvu ya panya, taya na meno yake, safi kabisa. Panga mafuvu hayo kwenye karatasi, uwaite majirani, na kama inafaa mwite mwenyekiti wa mtaa. Wewe ni mwalimu, unajua somo lenye vielelezo linavyokwenda. Nimeona watu wakitoka na hasira wakaishia kuuliza kama bundi anaweza kuhamia kwao.

Hayo yasipowatosha, kumbuka pia kwamba ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kumuua bila kibali ni kosa. Ningependa hilo liwe neno la mwisho kutajwa, lakini litajwe.

Kwa upande wako, uchafu wa dari unachosha na huna haja ya kuuvumilia milele. Subiri makinda yaruke, kisha usiku wakiwa wametoka kuwinda ziba tundu kwa wavu wa chuma. Kabla ya hapo tundika sanduku la mbao mtini, mita nne au zaidi kutoka chini, lenye urefu wa sentimita 60 hivi, upana na kimo cha sentimita 45, na mlango wa sentimita 15 kwa 15. Wakilikubali, wewe umepata dari na wao wamepata nyumba. Na wote mtaani waache sumu ya panya kwa kipindi hicho. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzubaa siku kadhaa, anatembea kivivu mahali pa wazi, bundi anamchukua kwa urahisi, na sumu inaingia kwake. Paka na kuku nao hufa kwa njia hiyohiyo. Tumia mtego.

Hujaniuliza juu ya manati, lakini mtaani hazikosekani. Ningekushauri usiwafukuze watoto wenye manati. Hao ndio wanaojua kila kiota cha Ipuli kilipo, kila mti wenye shimo, na saa ambayo ninga wanatua. Waalike, wape darubini kwa dakika chache, waulize wanachokijua, waandikwe majina yao kwenye daftari la nani kaona nini. Macho yao ni makali kuliko yangu na yako. Mtoto akianza kutafuta ndege ambaye wenzake hawajamwona, hana tena haraka ya kumpiga.

Tuje kwenye safari. Desemba ni mwezi mzuri, usiogope mvua. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, anakuwa ameshafika huku. Keremkerem wa Ulaya na korongo weupe nao wamo njiani au wameshatua, na yule mdiria wa misituni, wa buluu mwenye nusu ya juu ya mdomo nyekundu, analia kwenye miti tangu mvua za kwanza. Tokeni alfajiri, muwe mahali mnapokwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa nne rudini. Mchana wa Tabora ndege wanalala kama sisi.

Darubini moja inatosha kwa wanne mkiwa na subira. Ukinunua, tafuta iliyoandikwa 8x42: 8 ni mara inavyokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Zinazojigamba kukuza mara 20 au 30 zina picha inayotikisika na giza, mtoto hataona kitu. Mfundishe kwanza kumkazia ndege macho, kisha anyanyue darubini bila kuhamisha macho.

Anzieni Kwihara. Ni karibu na mjini, bodaboda au bajaji inafika, na kuna lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya Stanley kumkuta Ujiji mwaka uliotangulia. Watoto wapate historia na ndege kwa nauli moja. Miembe ya zamani ina mashimo mengi. Kaeni chini ya mmoja nusu saa bila kutembea. Hicho ndicho kipimo cha kama watoto wanaweza safari ndefu zaidi.

Mara ya pili nendeni bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji. Ni chanzo cha maji, kwa hiyo ombeni ruhusa kwa walinzi na msisogee ukingoni ovyo. Maji ni mahali pazuri pa kuanzia kwa watoto, kwa sababu ndege wake ni wakubwa na wanasimama: yangeyange, korongo, mnandi akianika mbawa, mdiria wa madoa meusi na meupe akielea angani kabla ya kupiga mbizi, sile-maua akitembea juu ya majani ya mayungiyungi. Hapo mtoto anajifunza kuangalia mdomo, miguu na mwendo, siyo rangi tu.

Miombo yenyewe ni ngumu zaidi, na wengi hukata tamaa. Unaweza kutembea saa nzima usione ndege hata mmoja, ghafla mti mmoja ukajaa aina kumi. Ndivyo wanavyoishi: wanawinda kwa kundi la mchanganyiko, kila aina na sehemu yake ya mti, mramba akiwa mlinzi. Ukimsikia mramba na makelele ya kupasua ya vipwe wenye kishungi, simama. Usiwafuate mbio, waache wakuzunguke. Katika makundi hayo, na kando ya njia za msituni, wamo wenyeji wa miombo ambao watu wanatoka mbali kuja kuwaona. Mmoja ni keremkerem mdogo mwenye kichwa cha kahawia na mkia mrefu, anayebeba jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege katika nchi ya Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1880. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, ina miombo mikubwa na mto wenyewe, lakini kwa watoto watatu na usafiri wa kukodi ni gharama. Iwekeni kiporo. Mkija kwenda, msivae nguo za buluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda.

Kigoma nendeni kwa treni, na mkate tiketi ambayo angalau sehemu ya njia baada ya Kaliua mtaipita mchana kama ratiba inaruhusu. Reli inapita Usinge, Nguruka na Malagarasi, na mabonde hayo ni sehemu ya ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, lenye ukubwa wa zaidi ya hekta milioni tatu. Korongo nyangumi anaishi humo ndani kwenye mafunjo. Kwenye dirisha la treni hamtamwona, anahitaji mtumbwi na mwenyeji, waambie watoto mapema wasisononeke. Watakachoona ni korongo wengine, furukombe juu ya miti mikavu, na tai pungu, ambaye mkia wake mfupi unamfanya aonekane angani kama mbawa tupu.

Mkifika Kigoma, Gombe naiacha pembeni kwa safari hii, kwa sababu gharama ya boti na hifadhi kwa familia ni nzito na wageni wengi huko hufuata sokwe. Muulize mdogo wako kama ana jamaa mwenye shamba la michikichi upande wa Ujiji. Kuna tumbusi mmoja mkubwa, mweupe mwenye mbawa zenye nyeusi, uso wa rangi ya chungwa, ambaye tofauti na tumbusi wote mnaowajua, chakula chake kikuu ni nyama ya tunda la mchikichi, pamoja na kaa na samaki wa ufukweni. Anashika ngazi, yaani tunda la mchikichi, kwa mguu na kumenya kwa mdomo. Nendeni asubuhi ngazi zikiwa zimeiva, mwulizeni mkwezi wa shamba hilo anapopenda kutua, na mkae mbali kidogo na mti. Kwenye daftari andikeni tarehe, mahali, saa, idadi na alichokuwa anakula. Kumbukumbu za namna hiyo kutoka Kigoma na Tabora ni chache, na Atlasi ya Ndege wa Tanzania, mradi unaokusanya taarifa za ndege gani wanaonekana wapi nchini, inazihitaji hata zikitoka kwa mtoto wa darasa la nne.